Bakteria wanaotoa madini katika mawe: yaliyofanyika Kasese na yanayoihusu Rejaf

Mvua inayonyesha juu ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, hushuka kwa mito hadi Ziwa George. Kutoka huko maji hupita Mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward, hufuata Mto Semliki hadi Ziwa Albert, kisha huingia Mto Nile, huvuka mpaka Nimule na kupita Rejaf kabla ya kufika Juba mjini. Mwanzoni mwa njia hiyo ndefu, katika mji wa Kasese, bakteria walitumika kwa miaka kadhaa kutoa kobalti katika lundo lililoachwa na mgodi wa shaba. Lundo hilohilo, kabla halijaguswa, lilikuwa likitiririsha tindikali na metali kuelekea ziwani.

Makala haya yanaeleza namna vijidudu hivyo vinavyofanya kazi, faida yake, hatari yake, na mambo ambayo wakazi wa kando ya Nile wanapaswa kuyafahamu wakati Sudan Kusini ikitafuta namna ya kunufaika na madini yake.

Uchenjuaji kwa bakteria ni nini?

Ni nadra madini kukaa ardhini peke yake. Shaba, nikeli, kobalti na hata dhahabu mara nyingi hufungwa ndani ya mawe pamoja na chuma na salfa. Kazi ya kuyatenganisha madini na mawe huitwa uchenjuaji, neno lililozoeleka katika migodi ya Tanzania. Njia ya kawaida ni kuyasaga mawe, kuondoa sehemu kubwa ya yale yasiyo na thamani mpaka kupatikana unga uliosheheni madini, yaani makinikia, kisha kuyayeyusha makinikia hayo katika tanuri lenye joto kali.

Tanuri lina gharama zake. Linahitaji umeme au makaa mengi, na salfa inapoungua hutoa moshi unaokereketa koo na kuunguza mimea. Kwa sababu hiyo, mawe yenye kiwango kidogo cha madini huachwa, kwani gharama ya kuyachoma huzidi thamani ya kilichomo ndani yake. Hapo ndipo uchenjuaji kwa bakteria unapopata nafasi. Badala ya moto hutumika vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huyayeyusha mawe polepole ndani ya maji. Madini huhamia katika maji hayo, kama chumvi inavyoyeyuka katika mchuzi, na baadaye hukusanywa kwa njia za kemia na umeme.

Bakteria hawa hula nini?

Bakteria wanaohusika si ndugu wa wale wanaoleta kipindupindu au homa ya matumbo. Hawaishi katika mwili wa binadamu. Nguvu za kuishi wanazipata kwa kuunguza chuma na salfa kwa kutumia hewa ya oksijeni, na kaboni ya kujengea miili yao wanaichukua kutoka hewani, kama mimea ifanyavyo, ingawa wao hawahitaji mwanga wa jua. Makazi yao ni maji makali kuliko maji ya limau.

Mwaka 1947, watafiti wa Marekani Colmer na Hinkle walieleza kuwapo kwa bakteria wa namna hiyo katika maji makali yaliyotiririka kutoka migodi ya makaa ya mawe ya West Virginia. Bakteria aliyetambuliwa kutokana na kazi hiyo aliitwa Thiobacillus ferrooxidans, na siku hizi hujulikana kama Acidithiobacillus ferrooxidans. Watu walikuwa wamefaidika na kazi ya viumbe hao kwa karne nyingi bila kuwajua. Huko Rio Tinto, nchini Hispania, shaba ilikusanywa kutoka katika maji ya mgodi zamani kabla ya mtu yeyote kufahamu ni nani aliyeiyeyusha.

Jiwe kuu katika habari hii ni pairiti. Ni mchanganyiko wa chuma na salfa unaong'aa kwa rangi ya manjano, na umewadanganya wachimbaji wengi wakidhani wameokota dhahabu. Pairiti ikipata hewa na maji huanza kuoza polepole, mfano wa msumari unaoshika kutu. Bakteria huuharakisha uozo huo kwa kiasi kikubwa mno.

Kazi hiyo hugawanywa. Kundi moja la bakteria hukigeuza chuma kilichoyeyuka majini kiwe cha aina nyingine, yenye nguvu ya kulishambulia jiwe. Chuma hicho kikishalishambulia jiwe hurudia hali yake ya awali, na bakteria hukigeuza tena. Mzunguko huo huendelea mchana na usiku. Kundi la pili hushughulika na salfa, likiifanya kuwa asidi ya salfuriki, ambayo huyaweka maji katika ukali unaozuia chuma kuganda na kuzama. Jiwe linapolika, madini yaliyofungwa ndani yake huachiliwa.

Ni muhimu kulitambua jambo moja hapa, kwa kuwa ndilo kiini cha habari nzima. Kemia hii haichagui mahali. Ikifanyika ndani ya tangi, ni kiwanda. Ikifanyika katika lundo lililoachwa wazi chini ya mvua, ni uchafuzi wa mto. Bakteria ni walewale na asidi ni ileile. Tofauti yote iko katika kuzuiwa kwa maji.

Kilembe na lundo la Kasese

Mgodi wa shaba wa Kilembe, katika vilima vya Rwenzori, ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese. Kampuni ya Kilembe Mines, iliyoendeshwa kwa mtaji wa Kanada, ilisafirisha makinikia ya shaba kwa treni hadi Jinja, ambako yaliyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Kwa miaka mingi shaba ilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu ambazo Uganda iliuza nje, pamoja na kahawa na pamba. Mpaka uzalishaji ulipokoma, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mgodi ulikuwa umetoa zaidi ya tani milioni 15 za mawe yenye takriban asilimia 2 ya shaba.

Mawe hayo yalikuwa na kobalti pia, lakini kobalti hiyo ilikuwa imejificha ndani ya pairiti. Wachenjuaji waliitenga pairiti na shaba, wakairundika mjini Kasese wakitarajia kwamba siku moja ingepatikana njia ya kuitumia. Lundo lilifikia zaidi ya tani milioni 1, na ndani yake kobalti ilikuwa asilimia 1.4 hivi.

Njia haikupatikana mapema, na lundo halikusubiri. Mvua iliipata pairiti, bakteria wa asili wakaanza kazi, na maji yenye asidi, chuma, shaba na kobalti yakateremka kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth. Mahali yalipopita, majani yalikufa na ardhi ikabaki wazi, ukanda wenye rangi ya kutu katikati ya mbuga, ukielekea upande wa Ziwa George. Wavuvi na wafugaji wa eneo hilo waliuona ukanda huo kwa miaka mingi kabla ya kusikia neno bakteria.

Ndani ya mtambo

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa jiolojia na madini, BRGM, ilifanya majaribio ya kuichenjua pairiti ya Kasese kwa bakteria katika maabara zake mjini Orléans. Mwaka 1992 iliundwa kampuni ya Kasese Cobalt Company, na mwaka 1999 mtambo wake ulianza kutoa kobalti.

Mtambo ulifanya kazi kwa hatua. Kwanza, pairiti ilisagwa laini na kuchanganywa na maji. Uji huo ulipelekwa katika matangi makubwa, kila moja likiwa na ujazo wa zaidi ya mita za ujazo 1,300, ambamo bakteria walikuwa wakiishi. Humo hewa ilipulizwa kwa nguvu, kwa kuwa bila oksijeni bakteria hao hufa. Waliongezewa pia virutubisho vyenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, vilevile ambavyo mkulima huvijua katika mbolea ya dukani. Uozo wa pairiti hutoa joto jingi, hivyo matangi yalipaswa kupozwa ili yabaki katika nyuzi joto 42 hivi. Uji ulikaa humo takriban siku 6.

Kisha ilikuja kazi ya kusafisha. Mawe ya chokaa yaliyosagwa yalitiwa ili kuipunguza asidi na kukigandisha chuma, kikazama na kuondolewa. Metali nyingine, kama zinki na shaba, zilitengwa kwa kemikali. Mwishowe umeme ulipitishwa katika maji yaliyobaki, na kobalti safi ikajikusanya juu ya vibao vya chuma. Umeme huo ulitoka katika kituo cha kampuni yenyewe kwenye Mto Mubuku, chenye uwezo wa takriban megawati 10.

Kobalti hutumika katika betri za simu na za magari ya umeme, na katika metali ngumu za injini za ndege. Sehemu kubwa zaidi ya kobalti ya dunia hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Hata hivyo, mawe mengi ya Katanga yanayochimbwa karibu na uso wa ardhi huyeyuka kwa asidi, pasipo kuhitaji bakteria. Bakteria huhitajika pale madini yanapofungwa pamoja na salfa, kama ilivyokuwa Kasese.

Mtambo ulisimama mwaka 2002 bei ya kobalti iliposhuka, ukarejea kazini mwaka 2004, na ulikoma mwaka 2013 lundo lilipokwisha. Hii ndiyo sehemu ya habari yenye kutia moyo: kitu kilichokuwa sumu kwa mbuga na kwa ziwa kiligeuzwa kuwa bidhaa, na chanzo kimoja kikubwa cha uchafuzi kikaondolewa.

Yaliyobaki baada ya kobalti

Hata hivyo, kuondolewa kwa lundo hakukuisafisha Kilembe. Mabaki mengine ya mgodi, yaani mchanga uliosagwa na kuondolewa shaba, bado yamelazwa katika bonde la Mto Nyamwamba. Mto huo ulifurika vibaya Mei 2013 na tena Mei 2020, ukabomoa nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe, huku ukila kingo zenye mabaki hayo. Watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Makerere, wamekuta shaba na kobalti kwa viwango vilivyozidi kawaida katika udongo na maji ya eneo hilo.

Je, hayo yanamaanisha kwamba maji ya Rejaf yana sumu ya Kilembe? La. Kati ya Kasese na Rejaf kuna maziwa matatu na mamia ya kilomita. Metali nyingi huzama katika matope ya vinamasi na maziwa, na kinachobaki huchanganyika na maji mengi mno. Anayeumia na mgodi ni yule anayekaa karibu nao, upande wa chini wa mkondo. Funzo la Kilembe kwa Rejaf linahusu migodi itakayofunguliwa karibu zaidi, ambako hakutakuwa na ziwa la kuyapokea maji machafu kabla hayajafika kwetu.

Kwingineko duniani

Uchenjuaji kwa bakteria umeenea katika nchi nyingi. Katika mgodi wa Fairview, Afrika Kusini, bakteria wametumika tangu mwaka 1986 kuifungua dhahabu iliyofungwa ndani ya mawe yenye salfa. Obuasi, nchini Ghana, ilifuata mwaka 1994 kwa mtambo mkubwa wa aina hiyo. Ifahamike kwamba bakteria hao hawaiyeyushi dhahabu. Wao huliondoa jiwe lililoizunguka, na dhahabu yenyewe hutolewa baadaye kwa sianidi.

Nchini Chile, mgodi wa Quebrada Blanca, ulio juu ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, ulianza mwaka 1994 kutoa shaba kwa njia ya malundo. Katika njia hiyo mawe hupondwa na kupangwa juu ya turubai nene la plastiki, hunyunyiziwa maji yenye asidi, na hewa hupulizwa kutoka chini. Ni njia ya bei nafuu kuliko matangi, lakini ni ya polepole. Kazi ya siku chache ndani ya tangi huchukua miezi au hata zaidi ya mwaka katika lundo.

Njia ya malundo ilitumika pia Talvivaara, nchini Finland, kutoa nikeli kuanzia mwaka 2008. Novemba 2012 bwawa la mabaki la mgodi huo lilivuja, na maji yenye metali yakaingia katika vijito na maziwa ya jirani. Miaka miwili baadaye kampuni iliyouendesha mgodi ilifilisika, na serikali ikalazimika kuingilia kati kupitia kampuni mpya. Finland ina sheria kali na wataalamu wengi, lakini uvujaji ulitokea. Kwa nchi ambayo bado inajenga ofisi zake za ukaguzi, huo ni mfano wa kuutafakari.

Inahusu nini kwa Sudan Kusini?

Dhahabu inayochimbwa kwa mikono huko Kapoeta, na katika baadhi ya maeneo ya Equatoria ya Kati, kwa kawaida huokotwa katika mchanga na changarawe za mabonde. Dhahabu hiyo tayari imeachiliwa na mwamba, na huoshwa kwa karai na maji. Haihitaji bakteria. Atakayemwendea mchimbaji mdogo akimuuzia chupa ya bakteria za kuongeza dhahabu, asisikilizwe. Kazi hii huhitaji matangi, hewa, vipimo vya kila siku na maabara, na haifanyiki kwenye jerikeni.

Hali itakuwa tofauti iwapo kampuni zitaanza kuchimba mwamba mgumu. Eneo la Hofrat en Nahas, ambalo jina lake la Kiarabu lina maana ya shimo la shaba, limejulikana kwa madini hayo tangu zamani. Liko katika ukanda wa Kafia Kingi, unaogombaniwa kati ya Sudan na Sudan Kusini. Popote mwamba wenye salfa utakapofunguliwa nchini, bakteria watakuja wenyewe, kwani wamo katika mazingira. Swali litakuwa kama watafanya kazi ndani ya mtambo au ndani ya kijito.

Sheria ya Madini ya Sudan Kusini ya mwaka 2012 inataka tathmini ya athari za mazingira na jamii kwa miradi mikubwa ya uchimbaji. Lakini wananchi wa majimbo ya Unity na Upper Nile, ambao kwa miaka mingi wamelalamikia maji machafu ya visima vya mafuta, wanajua kwamba sheria iliyo kwenye karatasi hailindi kisima peke yake. Samaki mkunje angali mbichi: masharti hupatikana kabla ya leseni kutolewa, si baada ya lundo kufika kimo cha kilima.

Dalili za kuangalia

Maji yaliyoguswa na asidi ya mgodi huwa na dalili zinazoonekana. Mawe ya kijito hufunikwa na ute au unga wa rangi ya chungwa au ya kutu. Samaki, vyura na wadudu wa majini hutoweka. Majani ya ukingoni hukauka hata wakati wa mvua. Lakini wakati mwingine maji hayo huwa maangavu sana, kwa sababu hakuna kinachoishi ndani yake, na uangavu huo humdanganya mtu.

Kuyachemsha maji hayo hakusaidii. Moto huua vijidudu vya magonjwa, lakini hauondoi metali. Na maji yanapopungua kwa mvuke, metali huzidi kukolea. Vidonge vya klorini navyo haviondoi shaba, kobalti wala zebaki. Jambo la kufanya ni kutafuta chanzo kingine cha maji, kuwazuia watoto na mifugo wasiyaguse, na kutoa taarifa kwa viongozi wa eneo na idara ya maji ili yapimwe.

Maswali ya kuuliza mradi unapokuja

Mkutano wa kijiji na kampuni ya madini huwa mfupi, na lugha ya wataalamu huwa ngumu. Haya ni baadhi ya maswali yanayoweza kuulizwa kwa Kiswahili, Kibari au Kiarabu cha Juba:

Je, mawe yatakayochimbwa yana salfa, na kwa kiasi gani? Jibu hupatikana kwa kipimo cha maabara, na mwananchi ana haki ya kuliulizia.

Mabaki yatawekwa wapi, na chini yake patatandikwa nini? Mabaki yasiyo na tandiko huivujishia ardhi kila msimu wa mvua.

Mto ukifurika, maji yatafika wapi? Nyamwamba ulionyesha kwamba mafuriko hayangojei mgodi ufungwe vizuri.

Nani atapima maji ya chini ya mgodi, mara ngapi, na matokeo yatasomwa hadharani kwa lugha gani?

Fedha za kusafisha baada ya kufungwa zitawekwa wapi, na lini? Huko Kasese lundo lilikaa miaka mingi kabla mtambo haujaanza kulipunguza, na liliondoka kwa sababu lilikuwa na kobalti yenye bei. Lundo lisilo na bei halina wa kulijia, na gharama yake humwangukia anayekunywa maji ya mto.